Epoksi ya gereji ikibanduka, geuza kwanza kile kipande

Ndugu, swali lako nimelielewa hivi: sakafu ya gereji yako ya gari moja ilipakwa epoksi, ile rangi ngumu ya kuchanganya makopo mawili, haikumaliza hata mwaka, na sasa imebanduka pale pale yanapokaa matairi. Unauliza upige mkono mwingine juu yake, au uachane na epoksi uweke vigae. Mimi nimepitia yote mawili kwenye sakafu moja ya mita 6 kwa 3, na kazi yenyewe nimeifanya mara mbili, kwa hiyo nivumilie nikujibu kwa urefu.

Usipake kitu chochote kwa sasa. Chukua kipande kilichobanduka, kigeuze, ukitazame upande wa chini.

Yangu ilibanduka asubuhi moja nikitoa gari nje. Nilisikia mlio kama wa plasta inayobanduliwa kwenye ngozi, nikazima injini, nikashuka. Palikuwa na viraka vinne vya zege tupu, kimoja kila tairi lilipolala, na ganda lingine lilikuwa bado limeng'ang'ania mpira. Nikaokota kipande ukubwa wa kiganja. Juu kiling'aa kama siku kilipopakwa. Chini kilikuwa cha kijivu, na nilipokipitisha kidole, kidole kilibaki na unga laini wa saruji. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa epoksi ilishika vizuri sana, ila ilishika unga, na unga wenyewe haukushikwa na kitu.

Unga huo unatoka wapi? Zege likimwagwa na kulainishwa kwa mwiko, maji hupanda juu yakiwa yamebeba saruji na chembechembe nyepesi. Yakikauka yanaacha utando mwembamba usio na nguvu. Ndiyo maana kuna sakafu unazifagia kila siku na kila siku zinatoa vumbi. Tairi nalo likitoka barabarani huwa la moto, linalainisha rangi iliyo chini yake, kisha likipoa linasinyaa na kuvuta. Isitoshe, zile kemikali zinazofanya mpira uwe laini huwa zinahamia kwenye rangi na kuidhoofisha. Mahali pengine pote sakafu ilionekana nzima kwa sababu tu hakukuwa na kitu cha kuivuta.

Kipande chako kikiwa na unga wa kijivu kwa chini, shida yako ni hiyo hiyo. Kikiwa safi, kinateleza kama kioo, basi epoksi haikupata pa kung'ata: ama zege lilikuwa laini mno, ama lilikuwa limekunywa oili. Kikiwa na unyevu, au kina chumvi nyeupe, maji yanapanda kutoka ardhini, na hapo mkono mwingine wa epoksi ni kupoteza pesa. Okota vipande vya sehemu tofauti, maana sakafu moja inaweza kuwa na magonjwa mawili. Yangu ilikuwa nayo.

Nililijua hilo kwa kipimo cha nailoni. Nilikata vipande vya nailoni nene vya sentimita 45 kwa 45, nikavibandika kwenye zege tupu pande zote nne kwa utepe imara, hewa isipite. Kipimo hicho kinataka saa 16 angalau. Mimi niliviacha siku mbili. Vitatu vilikuwa vikavu. Cha nne, kwenye kona ya nyuma karibu na sinki, kilikuwa na matone kwa ndani na zege lilikuwa limegeuka rangi. Nailoni ikilowa umepata jibu, ila ikiwa kavu usibweteke: zege linaweza kuwa kavu wiki hiyo na kulowa msimu wa mvua. Pima wakati ardhi imeshiba maji. Na kama zege lenyewe ni jipya, lipe siku 28 kabla hata ya kuanza kupima.

Kile kipimo cha kona ndicho kilichoniamulia suala la vigae, nitalifikia.

Sasa maandalizi, ambayo kwangu ndiyo kazi yenyewe. Mara ya kwanza nilisafisha kwa asidi kama maelezo ya kopo yalivyosema. Asidi inachoma saruji kiasi, lakini haipiti palipo na oili, na baadaye unapaswa kumwagia maji mengi kuisuuza, yaani unalilowesha zege ulilokuwa unataka likauke. Usipoisuuza vizuri inaacha chumvi. Ukilazimika kuitumia, mimina asidi kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye asidi. Ila ushauri wangu ni kukodi mashine ya kusaga sakafu, ile yenye meno ya almasi, iliyounganishwa na mashine ya kufyonza vumbi.

Kabla ya kusaga ondoa oili. Mwaga matone ya maji hapa na pale: yakinywewa ndani ya dakika moja au mbili, zege liko wazi, yakibaki yamesimama kama shanga, pana mafuta au dawa ya kuzibia zege. Sugua kwa sabuni kali ya kuondolea grisi na brashi ngumu, suuza, rudia. Kwangu lilikuwepo doa moja chini ya injini lililohitaji kurudiwa mara nne. Ukisaga kabla ya kulimaliza doa unalisambaza tu.

Kusaga kulinichukua siku mbili. Unasaga mpaka ule utando wa juu uishe na uanze kuona punje za mchanga. Ukipapasa kwa kiganja unasikia kama msasa. Kona na kando ya kuta nilimalizia kwa grinda ya mkono. Nakusihi jambo hili ulitilie maanani: vumbi la zege lina silika, na silika ikiingia kwenye mapafu haitoki. Inaleta ugonjwa usiotibika. Kitambaa usoni hakikusaidii. Tafuta barakoa yenye kichujio cha P100 au P3 inayobana uso pande zote, na familia isikae karibu.

Nyufa nilizifungua kwa grinda zikawa na umbo la V, nikajaza epoksi iliyochanganywa na mchanga mkavu, kisha nikasaga usawa. Lakini ule mstari uliokatwa kwa makusudi katikati ya sakafu usiuzibe kwa kitu kigumu. Uliwekwa ili zege lipate pa kupumulia linapotanuka na kusinyaa. Ukiuzika, utajichora wenyewe juu ya rangi yako. Mimi niliujaza mpira wa poliyurethani.

Kuhusu epoksi yenyewe, angalia ni ya aina gani. Ile yangu ya kwanza ilikuwa ya maji, kopo la lita 4 kwa sakafu nzima. Piga hesabu: lita 1 ikitandazwa kwenye mita 1 ya mraba inatoa unene wa milimita 1. Lita 4 kwenye mita 18 za mraba ni kama milimita 0.22 ikiwa mbichi, na kama nusu yake ni maji yatakayokauka, unabakiwa na milimita 0.11. Unene huo ni wa rangi ya ukutani, na mimi nilikuwa naupandishia gari. Mara ya pili nilichukua isiyo na maji wala kiyeyusho, ambayo unene uliomwaga ndio unaobaki. Nikapiga praima, yaani mkono wa kwanza wa kushikisha, nyepesi iliyozama kwenye zege, kisha mkono mzito wa lita 9, yaani nusu milimita, nikarushia vile vichipsi vya rangi wakati bado ni mbichi, halafu juu kabisa poliyurethani ya kung'aa iliyotiwa chembe za kuzuia utelezi. Mkono huo wa juu haukuwa wa urembo. Epoksi ikipigwa na jua inageuka njano na kuanza kutoa chaki, na mlango wa gereji unaingiza jua kila siku.

Kuchanganya kunaharibu kazi nyingi kimyakimya. Kopo la kwanza ni resini, yaani epoksi yenyewe, la pili ni hadina, dawa ya kuigandisha, na uwiano wake ni lazima. Yangu ilikuwa 2 kwa 1. Nimewasikia mafundi wakisema ukizidisha hadina inakauka haraka. Kwa epoksi si kweli. Kila sehemu ya resini inahitaji kiasi chake cha hadina ili viungane, na ile inayozidi inabaki bila mwenza, sakafu inakuwa ya kunata au laini. Changanya kwa drili ya mwendo mdogo dakika 3, kwangua kingo za ndoo, kisha mimina kwenye ndoo ya pili safi uchanganye tena. Yale madoa ya kunata yasiyokauka unayoyaona kwenye sakafu za watu mara nyingi ni mabaki ya kingo za ndoo yaliyokwanguliwa sakafuni.

Ukishachanganya, imwage yote chini papo hapo kwa mistari mirefu, utandaze kwa kisukumio chenye meno, kisha upitishe rola. Usiiache kwenye ndoo. Zinapoungana zinatoa joto, na kwenye ndoo joto halina pa kwenda, linaharakisha kukauka, kukauka nako kunaongeza joto. Nilisahau robo ndoo pembeni. Nilipoigeukia ilikuwa inatoa moshi na plastiki imelegea. Ikishatandazwa nilikuwa na kama nusu saa ya kuipitishia rola, na siku ya joto unapata pungufu.

Nilianza saa 10 alasiri, kwa makusudi. Asubuhi zege linapopata joto, hewa iliyo kwenye vitundu vyake inatanuka na kupanda, unapata mapovu sakafu nzima. Jioni zege linapoa na kuvuta hewa ndani. Ila angalia umande: sakafu iwe na joto la nyuzi 3 zaidi ya kiwango ambacho hewa huanza kutoa umande, la sivyo unyevu unatua juu ya epoksi mbichi na kuacha utando wa mafuta mafuta. Ukiupata, uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kabla ya mkono unaofuata. Mkono huo nao upige ndani ya saa 24. Ukichelewa, piga msasa kwanza. Vaa glavu za nitrili muda wote, kwa sababu mzio wa epoksi ukishakuingia kwenye ngozi haukuachi. Tulitembea juu yake baada ya siku moja, lakini gari niliingiza siku ya 7, na siku hizo zilikuwa ngumu kuzivumilia.

Sasa vigae. Kwenye ile kona iliyolowesha nailoni sikupaka epoksi, niliweka vigae, kwa kuwa gundi ya saruji haiogopi unyevu unaopanda kama epoksi inavyouogopa. Kona hiyo ilikuwa na vigae tangu zamani, ambavyo niliving'oa kabla ya kupima kwa nailoni, kwa sababu kimoja kilipasuka nilipokiwekea jeki. Nilipokitindua nikakuta chini yake madonge matano ya gundi, manne pembeni na moja katikati, kwingine kote hewa tupu. Gari la kilo 1,500 linaweka karibu kilo 375 kwa kila tairi, lakini tairi ni pana na laini. Guu la jeki ni dogo na gumu, na likitua juu ya uwazi, kigae hakina cha kukibeba.

Safari hii nilitumia posilini isiyong'aa, ile inayonyonya maji chini ya asilimia 0.5, ya sentimita 30 kwa 30 kwa sababu sakafu ina mteremko na vigae vikubwa havikai vizuri kwenye mteremko. Gundi ya saruji ya daraja la C2, yaani iliyoboreshwa ishike zaidi ya ile ya kawaida, ikatandazwa kwa mwiko wa meno kwa mistari ya upande mmoja, na kila kigae kikapakwa gundi mgongoni pia. Kila baada ya vigae kadhaa nilinyanyua kimoja kutazama kama gundi imeenea kote. Kama fundi wako hataki kunyanyua hata kimoja mbele yako, mwambie asimame kwanza. Nafasi kati ya kigae na kigae iwe milimita 3 au zaidi, ijazwe grauti ya epoksi, kwani ile ya saruji inakunywa oili na kuliwa na asidi ya betri. Ukutani acha uwazi, ujaze silikoni.

Na tafadhali usibandike vigae juu ya hiyo epoksi ya zamani. Gundi haitashika pale, na hata ikishika, itakuwa imeshika kitu ambacho tayari kinabanduka.

Kama ningekuwa na gereji ambayo nailoni inalowa kila mahali, ningeweka vigae sakafu nzima bila kusita. Kwako wewe, ikiwa imebanduka kwenye matairi tu na nailoni ikawa kavu, ningesaga yote na kurudi kwenye epoksi, maana chini ya gari unaingia na jeki, spana zinaanguka, na kiraka cha epoksi unakitengeneza kwa jioni moja. Panapokutana epoksi na vigae weka ukanda wa chuma cha pua, na ufanye vigae kwanza, ndipo epoksi ije iishie kwenye ukanda. Mimi jeki yangu naiweka juu ya kipande cha ubao hata sasa, pande zote mbili za ule ukanda.

Tuwekee picha ya kile kipande, upande wa chini, na utuambie nailoni imesema nini.