Kabla Hujachukua Ngoma ya Mtu

Juzi msomaji kaniandikia: "Kaka, nataka kuanzisha makumbusho ya kijiji chetu. Nianze na jengo au mfadhili?" Nikacheka peke yangu. Mimi nilianza na jengo. Chumba cha uani nikakipaka chokaa, nikaweka rafu za mninga. Fundi nilimlipa kidogokidogo mwaka mzima.

Wazimu huo niliupata kwenye makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, kule Kisesa, nje kidogo ya Mwanza. Ukishaona ngoma za watemi, yaani machifu wa Kisukuma, pale hurudi nyumbani ukiwa mzima. Padri David Clement, Mkanada, alianza kazi pale miaka ya 1950, na makumbusho yakafunguliwa 1968. Katikati hapo, 1963, serikali ikafuta utawala wa machifu. Viti vya enzi na ngoma vikakosa kazi, vikahitaji pa kukaa, na padri alikuwa keshaaminika: hata kanisa lake lina umbo la msonge wa Kisukuma.

Mimi nilikuwa na rafu tu. Mzee jirani akanipa ngoma ya babu yake, ngozi imechanika, ubavuni ina alama ya moto. Akanisimulia habari za ile alama karibu nusu saa, nami naitikia "ndiyo mzee" huku nawaza taa ya kuimulikia. Sikuandika neno. Alipofariki, wanawe wakaja na pikapu. Karatasi iko wapi? Sina. Kwenye rafu pakabaki duara safi katikati ya vumbi. Nasikia sasa imewekewa kioo juu, ni meza ya baa. Bado inaniuma, sitadanganya.

Kwa hiyo, ndugu yangu, nunua kaunta buku. Andika nani katoa, lini, katoa au kaazima, na kitu kilifanya kazi gani. Msomee, atie sahihi au dole gumba, mwanawe mmoja akishuhudia. Andika! Vijana mnapenda kukata utepe na kupiga picha, mtungi wenyewe hamjui ulikuwa wa maji au wa pombe. Mtawaambia nini watoto wakiuliza? Mfadhili haji kuangalia chokaa.

Leo nina vitu 23, vyote na kurasa zake. Jumamosi kuna bibi anataka kunipa kinu. Nimemwambia kinu kisubiri, aje kwanza yeye, chai ipo.