Mtoto kafika 18 anaenda chuo, asaini nini?

SWALI: Shangazi, binti yangu katimiza miaka 18 na mwezi ujao anaenda chuo mbali na nyumbani, shoga yangu ananiambia eti akilazwa hospitali daktari anaweza kukataa kuniambia chochote. Mimi si ndo mama yake jamani!

JIBU: Mama, ni kweli. Nchi nyingi akishafika 18 ni mtu mzima, siri za matibabu ni zake, mfano Marekani kuna sheria ya HIPAA ya 1996 inawabana hospitali, na FERPA ya 1974 inampa yeye haki ya rekodi zake za chuo hata kama ada unalipa wewe (hapo ndo wazazi huwaka!). Sasa kabla hajaondoka kaa nae, mwombe asaini ridhaa ya daktari kuongea na wewe, plus hati ya kumteua mtu wa kumuamulia matibabu kama hajitambui, hii ndo muhimu kuliko zote. Kuna na hati ya uwakili, ili umshughulikie mambo ya benki au mkataba wa chumba akikwama, ila hiyo ina nguvu sana, iwekeeni mipaka. Usimlazimishe lakini, hiari ni yake na hati aliyosaini anaweza kuifuta. Fomu zinatofautiana, wakili wa huko anakosomea azicheki, halafu kopi wekeni kwenye simu zenu wote wawili.