Oba Femi Anastahili Mkanda au Anabebwa Tu?

Tangu Januari 7 mwaka 2025 mwanamieleka Oba Femi alivyochukua mkanda wa NXT, yaani ngazi ya chipukizi ya kampuni ya mieleka ya Marekani WWE, kule Los Angeles, maswali ya mieleka yalikuwa mengi kuliko ya ligi kuu, na kama nusu yake yaliuliza jambo lilelile. Nimechagua machache. Waliotukana sijawaweka ila nimewasoma, msijali.

Swali: Kaka habari za kazi. Mimi ni shabiki wa Trick Williams tangu siku nyingi, jamaa ametoka mbali, ameanza kama msindikizaji wa mwenzake mpaka ukumbi mzima ukawa unaimba jina lake, alipoteza mkanda akaurudisha, afu anakuja huyu Oba Femi juzi juzi tu hata miaka miwili haijafika watu wamjue, anavamia mechi ya watu watatu na Eddy Thorpe na anaondoka na mkanda. Hapo kuna haki kweli? Si kubebwa huku? Na wenzangu hapa kijiweni wanasema nisiseme hivyo kwa sababu ni Mwafrika mwenzetu. Naomba unijibu kiukweli. – Msomaji, Mbeya

Jibu: Kaka wa Mbeya, kwanza hao wa kijiweni waambie nimekuruhusu useme. Uafrika wa mtu sio hoja ya mkanda, tutafika huko.

Kubebwa anabebwa, ndio. Ila niambie ni bingwa gani wa mieleka hajabebwa, mimi simjui. Mshindi anapangwa kabla watu hawajapanda ulingoni, kwa hiyo kila aliyewahi kuvaa mkanda kuna mtu ofisini alikaa akasema mpeni huyu. Brock Lesnar alitokea Machi 2002, ilipofika Agosti mwaka huohuo kashampiga The Rock na kuwa bingwa mkubwa, miezi mitano tu! Kofi Kingston yeye alisota miaka 11. Wote wawili walibebwa, tofauti ni kwamba mmoja alibebwa mapema na mwingine akaachwa kituoni basi likawa linapita tu. Mimi huwa naangalia kama mtu akishabebwa mgongo wa aliyembeba unauma au hauumi.

Sasa mtazame Oba Femi. Jina lake halisi ni Isaac Odugbesan, ni Mnigeria, alikuwa mtupa tufe chuo kikuu cha Alabama kabla WWE hawajamchukua kwenye ule mpango wao wa kuokota wanamichezo vyuoni. Yaani hakukulia kwenye mieleka hata kidogo. Mtu wa namna hiyo kawaida unampa miaka mitatu minne ya kujikwaa, na wengi wanaishia hapohapo kwenye kujikwaa. Yeye akashinda yale mashindano ya chipukizi, Januari 2024 akatumia nafasi aliyopata pale kumnyang'anya Dragon Lee mkanda wa North American, ule mdogo wa pale NXT, akakaa nao karibu miezi tisa. Hakuna aliyewahi kukaa na ule mkanda siku nyingi namna hiyo kabla yake. Na hapo ndipo mimi nilibadilisha mawazo, maana mwanzoni hata mimi nilikuwa upande wako, nikisema hili ni bonge la mtu tu limepewa mkanda kwa sababu ya kifua.

Miezi tisa ya kutetea mkanda ni mingi mno kwa mtu mgeni. Unapigana na mfupi, na mrefu, na mwenye kuruka kamba, na mwenye kufunga watu mikono, na kila mmoja inabidi aonekane anaweza kukupiga la sivyo watu wanachoka. Kijana wa futi sita na nusu na kilo kama 140 ni rahisi kuua mechi zote, anasimama katikati kama mnazi wenzake wanamgonga mpaka wachoke. Femi hafanyi hivyo. Anaanguka anapotakiwa kuanguka, anashangaa anapotakiwa kushangaa, afu pale unaposema hapa leo kapatikana anamrusha mtu juu, anamdaka na kumtandika chini, na ukumbi unapata kile ulichokilipia. Kuna wakongwe wa miaka 15 hiyo ya kushangaa hawaijui.

Oktoba akapigwa na Tony D'Angelo, akanyang'anywa. Na hakupungua! Watu hawakusema ahaa kumbe si kitu, walisema huyu sasa aende kwenye mkanda mkubwa wa NXT. Ukiona mtu amepoteza na bei yake imepanda jua huyo ameiva.

Kwa hiyo jibu langu kaka, anastahili. Trick Williams naye alistahili, wala hajaonewa, jamaa alishika ule mkanda mara mbili ndani ya mwaka mmoja, kilichokuwa kimebaki kwake ni kuhama kwenda juu, kwenye maonyesho makubwa ya WWE. Kilichokuuma ni kwamba unampenda, na hiyo haina dawa.

Swali: Samahani lakini mieleka si uongo? Sasa "kustahili" inatokea wapi kwenye kitu kimepangwa? – Mwalimu, Morogoro

Jibu: Mwalimu, tamthilia nayo imepangwa na bado tunajua nani alistahili kuwa stelingi na nani aliwekwa kwa kujuana.

Nikupe mfano. Mei 2017 Jinder Mahal alimpiga Randy Orton akawa bingwa wa WWE. Huyu Jinder miezi michache nyuma alikuwa wa kupigwa na kila mtu, ukimuona anatoka unajua mechi imeisha. Wengi waliona ni soko la India linatafutwa, na mimi siwapingi. Hesabu ya biashara unaielewa kabisa, ila mechi zenyewe zilikuwa kama chai isiyo na sukari, watu hawakuamini, na Novemba mkanda ukaenda kwa AJ Styles, tena Manchester Uingereza, siku ya jumanne tu kwenye onyesho la kawaida la kila wiki. Ofisi inaweza kupanga nani ashinde ila haiwezi kupanga mtu wa kule juu kwenye viti vya bei rahisi asimame.

Na wakati mwingine hao wa viti vya bei rahisi ndio wanaoipangia ofisi. 2014 Batista alishinda Royal Rumble, ile mechi ya watu wengi ambayo mshindi anapata nafasi ya kugombea ubingwa, akazomewa vibaya sana, watu walimtaka Daniel Bryan, mfupi mwenye ndevu ambaye ofisi ilikuwa haimuoni kabisa kama sura ya kampuni. Wakazomea wiki hadi wiki mpaka WrestleMania ya 30, lile onyesho kubwa la mwaka, pale New Orleans ikabidi ibadilishwe, Bryan akapigana mara mbili usiku mmoja akaondoka bingwa. Hapo mwalimu utaniambia ni uongo?

Swali: Mimi naona tatizo lako ni moja, unamsifia Femi kwa sababu anatoka Afrika. Angekuwa Mcanada usingeandika hata mstari. Halafu eti ni kweli zamani kulikuwa na bingwa wa mieleka Mganda? – Msomaji, Kampala

Jibu: Ndugu wa Kampala, la kwanza nakubali kidogo. Kidogo tu.

La pili sio kweli na lina hadithi. Unayemsema ni Kamala, aliyekuwa akitangazwa kama "jitu la Uganda". Alikuwa anatoka pekupeku, uso umepakwa rangi, nyota na mwezi kifuani na tumboni, mkuki na kinyago, na nyuma yake anakuja mtu wa kumwongoza kavaa kofia ya mwindaji kama vile anaswaga mnyama. Jina lake lilikuwa James Harris, mtu wa Mississippi, aliwahi kuwa dereva wa lori. Uganda yenu hapo imeingia kwenye tangazo tu. Alipigana na Hulk Hogan, alipigana na Undertaker, bingwa wa dunia wa WWE hakuwahi kuwa. Alifariki Agosti 2020.

Na ukiendelea kushuka hapo ndio utaelewa kwa nini Femi ananigusa. Kofi Kingston, Mghana mzaliwa wa Ghana kabisa, alipoingizwa 2008 alitangazwa kuwa anatoka Jamaika, akawa anaongea lafudhi ya Jamaika! Yaani Mwafrika wa kweli wakamfanya Mjamaika na Mmarekani wakamfanya Mganda. 2021 Apollo Crews akapewa Unigeria wa mikuki na walinzi na sauti nzito ya kutengeneza, akachukua mkanda wa Intercontinental, ule ulio chini ya ubingwa wa dunia, kwa Big E kwenye mechi iliyoitwa pambano la ngoma la Kinigeria, ambayo nimewauliza Wanigeria wawili na hakuna anayeijua hiyo ngoma.

Femi anatoka anatembea polepole, mabega yamekaa, anatazama watu. Basi. "Oba" kwa Kiyoruba ni mfalme na yeye anatembea hivyohivyo, hana mkuki, hana mtu wa kumswaga. Angekuwa Mcanada kweli pengine ningeandika nusu ukurasa. Nimeongeza nusu nyingine, nisamehe.

Swali: Kama ni mkali hivyo apandishwe haraka basi akamtoe Gunther, mnasubiri nini? – Dereva bodaboda, Ubungo

Jibu: Hapana wewe, taratibu! Gunther mwenyewe ndio mfano wa kwa nini asikimbizwe. Alishika mkanda wa NXT Uingereza siku 870, akaja juu hawakumpa mkanda wa dunia, wakampa Intercontinental akakaa nao siku 666, ndipo Agosti 2024 akampiga Damian Priest na kuwa bingwa wa dunia. Alipofika pale hakuna aliyeuliza kama anastahili.

Na wanaokimbizwa au kupewa kwa kulazimishwa na mashabiki wanatupwa haraka. Kofi huyohuyo, baada ya miaka 11, akampiga Daniel Bryan WrestleMania ya 35 Aprili 2019, watu wazima wanalia, mimi mwenyewe nilimdanganya mke wangu kuwa ni kitunguu. Oktoba mwaka huohuo wakamleta Brock Lesnar, kengele ikalia, sekunde kama kumi hivi, kwisha. Hakupewa hata mechi ya marudio.

Femi alikuwa na miaka 26 alipouchukua mkanda. Nilichotaka ni abaki na ule mkanda wa NXT mwaka mzima, ajifunze kushika maiki maana huko alikuwa bado, maneno yake yalikuwa machache na mengine akiyasema kama anasoma kwenye karatasi. Nikasema akija juu na hilo amelikamilisha, hapo hata mimi nitapanda bodaboda yako twende tukaangalie wote, ila bei iwe ya mchana.