Boti ya mtumba Ziwa Victoria: piga magoti nyuma yake kabla hujasikiliza mashine

Boti yangu ya kwanza niliinunua kwa sababu ya mashine. Yamaha ya nguvu za farasi 40, rangi bado inang'aa, ukivuta kamba mara moja inaitika. Muuzaji alijua anachofanya: nilipofika ufukweni kwake ilikuwa tayari inanguruma, akaniacha niisikilize huku akinisimulia jinsi inavyokula mafuta kidogo. Boti yenyewe sikuiuliza swali hata moja. Ilikuwa ya faiba, nyeupe, imepakwa rangi juzi. Nikalipa.

Mwezi wa pili natoka Nansio, kisiwani Ukerewe, kurudi Mwanza na magunia ya machungwa na shemeji yangu. Njiani wimbi likachangamka, nikaona mashine inanisalimia: inainama, inanyanyuka, inainama. Nikadhani bolti zimelegea. Bolti zilikuwa sawa. Kilichokuwa kinacheza ni ubao wa nyuma wenyewe, ule ambao mashine imefungwa. Mashine ya 40 ina zaidi ya kilo 70, na mzigo wote ule ulikuwa umeshikwa na kitu kinachopinda kama kadibodi. Tuliifunga kwa kamba hadi kwenye kiti cha mbele, tukaja mwendo wa kobe saa tatu nzima. Shemeji hakusema neno mpaka aliposhika nchi kavu, na hayo aliyoyasema siyaandiki hapa.

Kesho yake nikaipeleka boti kwa fundi mmoja mzee wa Kirumba, hapa Mwanza. Hakuiwasha mashine. Alipiga magoti nyuma ya boti, akashika mashine kule chini kwenye propela, akainyanyua na kuishusha taratibu huku jicho lake liko kwenye ubao. Kisha akafungua skrubu moja ndogo. Ilitoka bila ubishi, na nyuma yake yakafuata maji meusi na unga wa mbao uliolowa kama ugoro. "Mwanangu," akaniambia, "wewe umenunua mashine, ukapewa jeneza la kuibebea."

Nilikasirika, lakini mzee alikuwa sahihi. Mashine mbovu unaifungua bolti zake, unafunga nyingine, jioni uko majini. Tumbo la boti likishaoza au likiwa na umbo lisilofaa, hakuna fundi wa kukubadilishia. Kwa hiyo siku hizi mtu akiniomba nimsindikize kuangalia boti, nusu saa ya kwanza simruhusu muuzaji aguse kamba ya kuwashia.

Anza na umbo. Ziwa letu ni pana mno lakini si la kina kirefu, wastani wake ni mita 40 hivi, na upepo ukilivamia mawimbi yake huwa mafupi, yamesimama, yanafuatana bila kukupa nafasi ya kupumua. Boti ya chini bapa ni tamu sana asubuhi maji yakiwa kioo. Inateleza, haili mafuta, unajiona bingwa. Ikikutana na mawimbi ya mchana inapigapiga kama mtu anafua mazulia, na kila kipigo kinaitafuna faiba. Tafuta yenye tumbo la V kuanzia omo, yaani mbele, hata kama V hiyo inalainika kuelekea tezi, yaani nyuma, na kingo zilizoinuka. Kwa safari za ndani ya ghuba, futi 16 zinatosha. Kwa Ukerewe, ambako ni kama kilometa 45 kutoka Mwanza, chini ya futi 19 mimi siendi, na usinitajie jirani yako anayekwenda.

Kisha gonga. Chukua mpini wa bisibisi, gonga faiba hatua kwa hatua kuanzia mbele mpaka nyuma. Penye afya panalia kavu, "ko, ko". Penye maji ndani au tabaka zilizoachana panalia "bu", kama papai lililoiva kupita kiasi. Pita sakafuni kwa miguu mitupu ukisikilizia kisigino kinazama wapi. Mkuku, ule uti wa mgongo wa boti chini ya tumbo, uchunguze kwa mkono: boti nyingi za hapa zinaburutwa kwenye mchanga na mawe kila jioni, kwa hiyo mikwaruzo ni ya kawaida. Kiraka si dhambi. Kinachonitia shaka ni rangi mbichi chini tu, juu ikiwa imeachwa ya zamani. Mtu hapaki rangi mahali pasipoonekana bila sababu.

Na mawe ya Mwanza usiyasahau. Yale makubwa tunayopigia picha yana ndugu zao chini ya maji, na ziwa lilipopanda mwaka 2020 mengine yaliyokuwa yanaonekana yakafunikwa. Angalia lile pezi la chini ya propela. Likiwa limepinda au limechongwa na tupa, muulize muuzaji aligonga wapi, halafu angalia macho yake, si mdomo.

Boti za mbao sizidharau. Bei yake ni rahisi, mafundi wako kila mwalo, pale boti zinapotia nanga, na iliyopigwa kalafati vizuri, yaani kuzibwa nyufa kati ya mbao, inabeba mzigo kuliko faiba. Ila ni ndoa: kila mwaka inadai kalafati na rangi. Kama huna muda huo, achana nayo.

Sasa mashine. Kitu cha kwanza ni kuishika. Ikiwa na joto, mwambie muuzaji utarudi kesho, kwa sababu mashine yenye ugonjwa huwaka vizuri ikishapashwa. Iwake ikiwa baridi, mbele yako. Ikishawaka angalia kama inakojoa: ule mkondo wa maji ya kupoza unaotoka pembeni uwe na nguvu na usikatike. Baada ya hapo fungua skrubu ya chini ya gia, acha oili idondoke kidogo kwenye kiganja. Ikiwa nyeusi, imechelewa kubadilishwa, si msiba. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameshaingia kwenye gia, na bei lazima ishuke au uondoke. Fundi mwenye kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, apime silinda zote. Namba yenyewe hainisumbui sana, nataka zilingane. Moja ikiwa chini ya mwenzake kwa zaidi ya asilimia 10, hapo kuna hadithi.

Mashine iliyotoka Dar au Tanga imekunywa chumvi. Haimaanishi usinunue, ila jaribu kufungua bolti moja ya chini. Kama zimeshikana na kutu, siku ya kubadilisha impela, kile kipande kinachosukuma maji ya kupoza mashine, zitakatika, na utajuta.

Utakutana pia na boti za kifahari, zenye makochi na mashine ya petroli ndani ya tumbo, zinauzwa bei ya kutupa. Usijiulize kwa nini ni rahisi, uliza spea yake inatoka wapi. Ikibidi iagizwe Dubai, boti hiyo itakaa nchi kavu kuliko majini. Mimi nilirudi kwenye Yamaha 40 ile ile, silinda mbili, ya kuchanganya petroli na oili. Inanuka, inapiga kelele, inakula mafuta: kwenda Nansio tu naitengea karibu lita 30. Lakini mwalo wowote nitakaokwamia, kuna kijana anayeijua kwa kuisikia tu. Ya foo-stroki, isiyochanganywa petroli na oili, ingeniokolea mafuta, sikatai, na anayesafiri kila siku aifikirie. Mimi naenda mara mbili kwa wiki.

Majaribio yafanyike mchana upepo ukiwa umeamka, si alfajiri anapopenda muuzaji, na mpakie watu wenye uzito wa mzigo wako wa kawaida. Nenda mbali kidogo, geuza, rudi ukiwa umeyapokea mawimbi ubavuni. Mkirudi, pima maji yaliyoingia ndani.

Karatasi nazisemea kwa ufupi kwa kuwa hazina mjadala. Wizi wa mashine katika ziwa hili ni janga, wavuvi wanaporwa usiku wakiwa kwenye nyavu. Namba iliyo kwenye kibati cha mashine ilingane na iliyo kwenye risiti na iliyogongwa kwenye bloku yenyewe, kama ipo. Kibati kikiwa kimebanduliwa, usiulize bei, ondoka. Usajili na cheti cha ukaguzi ni mambo ya TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, fika ofisini kwao na namba ya boti kabla hujatoa hela, si baada.

Na hela usiimalize kwa muuzaji. Mimi kwa boti ya pili nilibakiza robo ya hela, na haikukaa: impela mpya, mipira ya mafuta, plagi, tangi la pili la lita 24, maboya ya kila abiria yenye saizi yake (mke wangu ana ndugu waliopotea na MV Bukoba mwaka 1996, hilo halikuwa na majadiliano), kisu cha kukatia nyavu zinazojiviringisha kwenye propela, ndoo ya kukumbia maji. Gugu maji likifunga njia nazima, nanyanyua mashine na kusukuma kwa kasia. Kasia hizo mbili nilizinunua kwa kulazimishwa na yule mzee wa Kirumba, nikiona ananipotezea hela. Mpaka leo nimezitumia mara tano.