Kabla Hujaupa Mwamba Jina

Nilipoanza kusoma vipimo vya visima vya kutafuta mafuta na gesi katika pwani ya kusini ya Tanzania, niliamini kwamba densiti (uzito wa mwamba kwa ujazo wake) na kasi ya mawimbi ya sauti ndani ya mwamba zikishajulikana, mwamba hujitaja wenyewe. Siku moja nikaandika katika taarifa kwamba tumepita kwenye makaa ya mawe, kwa kuwa densiti ilikuwa imeshuka hadi gramu 1.5 kwa sentimita ya ujazo. Kumbe ukuta wa kisima ulikuwa umemomonyoka, na kifaa cha densiti, ambacho sharti kiegemee ukuta, kilikuwa kimepima tope la kuchorongea, yaani lile linalozungushwa kisimani wakati wa kuchoronga. Tangu hapo huanza na kipimo cha upana wa kisima, na penye shimo lililotanuka siiamini densiti hata kidogo.

Ugumu wenyewe uko katika miamba ya kawaida. Chembe za kwatsi, madini makuu ya mchanga, zina densiti ya 2.65 na za kalsaiti, madini ya chokaa, 2.71, tofauti ndogo mno, kwa hiyo mwamba wa chokaa wenye vinyweleo (vitundu vidogo vya ndani) vya asilimia 3 au 4 tu, vilivyojaa maji, utasomeka kama mwamba wa mchanga usio na vinyweleo kabisa. Kasi haiitenganishi miamba hiyo vya kutosha, nayo miamba ya tope huingiliana na ya mchanga kwa vipimo vyote viwili. Hapo ongeza kipimo cha mionzi ya gama, ambayo kwa kawaida miamba ya tope huitoa zaidi, na uvitazame vipande vya mwamba vinavyopandishwa na tope la kuchorongea, hata kama kompyuta imekwisha kukupa jibu.

Gesi nayo, kama ile iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974, hushusha densiti pamoja na kasi ya mawimbi ya mgandamizo (yanayoubana na kuuachia mwamba), lakini mawimbi ya mkato (yanayoutikisa kwa kando) huyagusa kidogo sana. Ukiyapata yote mawili, gawanya kasi ya kwanza kwa ya pili: mchanga wenye gesi mara nyingi hutoa takriban 1.6, ilhali miamba ya tope laini huvuka 2.

Kosa ninalolikuta zaidi kwa vijana (nami nililifanya) ni kukokotoa densiti kutokana na kasi kwa kanuni ya Gardner ya mwaka 1974, kisha kuzitumia zote mbili kana kwamba ni ushahidi wa mashahidi wawili. Shahidi ni mmoja, amevaa kanzu mbili. Tena kanuni hiyo hupotoka penye chumvi: kwa kasi ya mita 4,500 kwa sekunde inatoa densiti ya 2.54, wakati kifaa husoma karibu 2.04 tu. Kwa anihidraiti, mwamba mzito wa salfeti ya kalsiamu, hukosea upande wa pili, ikitoa 2.74 badala ya 2.98. Ajabu ni kwamba miamba hiyo miwili, inayoivunja kanuni, ndiyo iliyo rahisi kuitambua pale densiti ilipopimwa kweli. Kwa hiyo katika bonde kama la Mandawa, kwenye pwani hiyo ya kusini, ambako uchorongaji umekuta chumvi, mimi huuliza kwanza kila safu ya densiti kwenye jedwali ilitoka wapi.