Triumvirat: ni kivuli cha ELP tu, au wana chao?

Mkuu, umeuliza kama Triumvirat, bendi ya rock ya Kijerumani ya miaka ya sabini, ni nakala ya bendi ya Uingereza ya Emerson, Lake & Palmer, na kama kuna haja ya kuhangaika nao wakati ELP wenyewe wapo. Mimi naishi Köln, Ujerumani, mji walikotoka hawa jamaa, na Jumapili napiga kinanda kwenye kwaya yetu ya Waswahili huku. Kwa hiyo nitajibu kama mpiga kinanda.

Nakala? Kwa kiasi kikubwa ndiyo, tusizungukezunguke. Watu watatu, kinanda mbele, gitaa pembeni, na muziki wa kikale umechomekwa katikati. Albamu yao ya kwanza, Mediterranean Tales ya 1972, inafungua kwa Mozart kabisa. Na mwanzoni walikuwa wakipiga nyimbo za The Nice, bendi aliyokuwa nayo mpiga kinanda Keith Emerson kabla ya ELP. Jürgen Fritz, mpiga kinanda wa Triumvirat, alimsikiliza Emerson mpaka akamkariri.

Lakini vaa hedifoni, weka Illusions on a Double Dimple ya 1974, halafu fuata mkono wa kulia wa Fritz. Sintesaiza ya Moog ya enzi zile, kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme, ilitoa noti moja tu kwa wakati. Ukibonyeza mbili, moja inamezwa. Akodi zote, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, zinabaki kwa ogani ya Hammond au piano, na Moog inakuwa kama mwimbaji wa sauti ya kwanza. Emerson akipewa nafasi hiyo anatimua mbio. Fritz naye mbio anaziweza, ila mara nyingi anachagua kuimba. Nimewahi kukaa na “The Capital of Power”, kipande kinachofungua Spartacus, nikitafuta noti kwa sikio. Ukiondoa mbwembwe zote unabaki na wimbo ambao unaweza kuupiga mluzi ukiwa unaosha vyombo. Kwa Emerson hilo hunitokea mara chache, na nasema hivyo nikiwa namheshimu sana (mtu aliyekuwa akikita visu kwenye Hammond jukwaani lazima umheshimu).

Sababu ya pili ya kuwasikiliza ni Helmut Köllen. Huyu ndiye aliyepiga besi na gitaa na kuimba kwenye albamu mbili za katikati, hiyo Double Dimple na Spartacus ya 1975. Sauti yake ni nyepesi, haina ukuu wa Greg Lake, mwimbaji wa ELP, na lafudhi ya Kijerumani inachungulia kwenye Kiingereza chake. Mimi napenda hivyohivyo. Spartacus inasimulia watumwa walioasi Roma mwaka 73 kabla ya Kristo, na mashairi ya mpiga ngoma, Hans Bathelt, hayana makuu. Lakini Köllen akifika “The Deadly Dream of Freedom”, vyombo vinampisha, na unasahau kabisa kwamba ulikuja kusikiliza kinanda.

Baada ya Spartacus aliondoka akafanye kazi zake mwenyewe. Mei 1977 alifariki akiwa na miaka 27, ndani ya gari lililokuwa likiunguruma gereji, akisikiliza kanda za nyimbo alizokuwa akirekodi. Moshi wa injini ndio uliomuua. Albamu yake, You Won't See Me, ilitoka mwaka huohuo.

Aliyeshika maikrofoni baada yake ni Mwingereza Barry Palmer, ambaye miaka ya mbele utamsikia kwenye Discovery, albamu ya mwanamuziki Mike Oldfield. Old Loves Die Hard ya 1976 bado ni nzuri, piano imetawala. Pompeii ya 1977 isikilize kwa ajili ya ngoma za Curt Cress. Zilizofuata, mpaka Russian Roulette ya 1980, ni pop ya kutafuta redio, na wala redio yenyewe haikupatikana.

Mimi ningeanza na upande wa pili wa Double Dimple, “Mister Ten Percent”, wimbo mmoja mrefu unaojaza upande mzima wa santuri. Humo ndani mna “Lucky Girl”, Köllen na gitaa lake. Ikipita hiyo bila kukugusa, basi Triumvirat si wa kwako, baki na ELP wako kwa amani. Huku Köln santuri zao utazikuta kwenye masoko ya mitumba. Tafuta panya mweupe kwenye jalada. Kwenye Double Dimple anatoka kwenye yai, kwenye Spartacus yuko ndani ya balbu.

Na kama unataka Wajerumani wa kinanda wasiojulikana hasa, maana Triumvirat walifika hadi Marekani, tafuta Schicke, Führs & Fröhling, albamu Symphonic Pictures ya 1976. Humo Mellotron imejaa kila kona. Kile ni kinanda ambacho kila kitufe kinavuta utepe wa sumaku wenye sauti iliyorekodiwa, fidla au kwaya, na utepe unaisha baada ya sekunde kama nane. Ukishikilia akodi zaidi ya hapo, kimya. Sikiliza wanavyobadilisha akodi kabla utepe haujaisha, wimbo unapumua kwa kufuata mashine. Ila haina kuimba hata neno moja, kwa hiyo kama kilichokunasa ni sauti ya Köllen, hii iruke.