Nyari ya Marafa: twende mwezi gani?

SWALI: Salaam, mhariri. Tu vijana sita wa Malindi, twataka kuteremka korongo la Nyari kule Marafa kila mwezi. Kuna miezi ya kuepuka? Tubebe nini? – Msomaji, Shela, Malindi

JIBU: Wa alaikum salaam. Mwaka mzima mwaweza, ila Mei tungeiacha. Nyari ni mchanga ulioshikana tu, na mvua ndiyo iliyoichonga. Masika ingali yaichonga. Ukingo ulioloa huonekana mzima juu kumbe chini umeshaliwa, kisha humeguka na mtu wake. Basi mvua kubwa ikinyesha, ngojeni siku mbili za jua, na siku zote simameni mita mbili kutoka ukingoni, hata kwa picha.

Januari hadi Machi tatizo ni joto. Upepo wa kaskazi haufiki chini, na kuta nyeupe zarudisha jua usoni. Ingieni saa kumi na mbili asubuhi, au saa kumi jioni, wakati kuta nyekundu zinapowaka hasa. Maji lita tatu kila mtu. Wakati wa upepo wa kusi, joto likipungua, lita mbili zatosha.

Patipati ziacheni nyumbani. Kwenye mteremko mkavu, chembe za mchanga huviringika chini ya soli laini kama gololi, na watu huanguka wakishuka, si wakipanda. Vaeni viatu vya kufunga, vyenye meno.

Chukueni kijana wa pale awaongoze. Vijia hubadilika kila baada ya mvua. Jioni, saa kumi na mbili kamili muwe mwapanda. Giza la huku halibishi hodi.